Mzuka Ukikata Katikati ya Hadithi

Popote wanapokutana waandishi chipukizi, iwe darasa la jioni, kundi la WhatsApp au uzinduzi wa kitabu, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Muulizaji huwa na daftari mkononi. Kurasa 30 au 40 za mwanzo zimejaa, mwandiko umebanana, na jina la riwaya limepambwa kwa wino wa rangi kwenye jalada. Baada ya hapo ni kurasa tupu. "Nilianza vizuri," husema, "ila mzuka umekata. Nifanyeje urudi?"

Wengi wanaouliza hivyo wana kipaji. Kurasa zile za mwanzo ni ushahidi. Wanachokosa ni maelezo ya kuridhisha ya jambo lililowapata, na kwa kukosa maelezo hujilaumu: mmoja husema yeye ni mvivu, mwingine husema hakuzaliwa mwandishi. Lawama hizo ndizo zinazolifunga daftari moja kwa moja.

Sura hii inajibu swali hilo kwa kutazama jinsi waandishi wenyewe walivyofanya kazi. Waliomaliza vitabu hawakuwa watu wenye mzuka usiokatika. Walikuwa na saa yao, kipimo chao cha kila siku na mtu aliyekuwa akisubiri kusoma. Na hadithi ilipokwama, waliikagua hadithi kwanza kabla ya kujikagua wao.

Ilhamu na ari

Vijana husema mzuka, wengine husema mudi. Neno la zamani ni ilhamu: wazo au hisia inayomjia mtu bila kuitafuta. Ni ile sentensi inayozuka kichwani ndani ya daladala, au sura ya mtu aliyepishana naye sokoni ikakataa kumtoka akilini.

Ari ni kitu kingine. Ari ni ile hali ya kutokubali kushindwa na kazi. Ndiyo inayomfanya fundi cherehani amalize nguo za watoto usiku wa kuamkia Idi, ingawa macho yanamuuma na umeme umekatika mara mbili. Fundi huyo hangoji kujisikia. Wateja watakuja asubuhi.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini tofauti hii ina uzito. Riwaya fupi ina maneno kama 40,000. Mwandishi anayeandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ataimaliza kwa wiki 27 hivi, yaani miezi sita na kidogo. Hakuna ilhamu inayodumu miezi sita. Katika muda huo mtu ataugua malaria, atahudhuria misiba na harusi, atagombana na mwenye nyumba. Ilhamu inatosha kuanzisha hadithi. Kuifikisha mwisho ni kazi ya ari, na ari hulelewa.

Makarani walioandika vitabu

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliajiriwa karani wa forodha, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30: forodha, idara ya mifugo, ofisi ya wilaya, kisha idara ya upimaji. Kusadikika, Adili na Nduguze, Wasifu wa Siti Binti Saad, tenzi, insha na mashairi yake vyote vilitoka katika mkono uleule uliokuwa ukijaza madaftari ya ofisi.

Cairo nako kulikuwa na karani mwingine. Naguib Mahfouz aliingia utumishi wa serikali ya Misri mwaka 1934 na kubaki humo hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1988 alipewa Nobel ya Fasihi, Mwarabu wa kwanza kuipata. Riwaya zilizompa heshima hiyo nyingi aliziandika katika saa alizobakiwa nazo baada ya kazi.

Mwingereza Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta. Kila siku saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, na alimlipa mtumishi wake pauni tano zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana yake. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Aliandika riwaya 47. Wasomaji wake walipokuja kujua utaratibu huo, baadhi walivunjika moyo, kwa kuwa walipenda kuamini kwamba vitabu vizuri hushuka tu kutoka hewani.

Si kila mtu anaweza kuamka saa 11:30 alfajiri. Mama anayenyonyesha hawezi, wala mlinzi wa zamu ya usiku, wala mfanyabiashara anayewahi mzigo Kariakoo. Mmarekani Toni Morrison aliwalea wanawe wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri wa vitabu, na aliandika kabla watoto hawajaamka kwa sababu muda huo ndio pekee aliokuwa nao. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970 akiwa na miaka 39. Kwa mwingine muda huo utakuwa dakika 20 za mapumziko ya mchana, au nusu saa baada ya sahani za usiku kuoshwa. Lililo muhimu ni saa hiyo ijulikane, na watu wa nyumbani waizoee kama walivyozoea saa ya kula.

Kwa ufupi:

- Kazi nyingine si kikwazo peke yake. Waandishi wengi wakubwa waliandika wakiwa waajiriwa.
- Saa iliyopangwa, hata ikiwa fupi, ina faida kuliko siku nzima inayongojwa.
- Kipimo kiwe kidogo kiasi cha kutimizika hata siku mbaya.
- Kusoma kazi ya jana kwanza humrudisha mwandishi ndani ya hadithi.

Ukurasa wa 40 una nini?

Mwanzo wa hadithi hubebwa na upya. Kila mhusika ni mgeni, kila mahali panaelezwa kwa mara ya kwanza. Kufikia ukurasa wa 40 upya huo umekwisha, na hadithi inapaswa kwenda kwa nguvu zake yenyewe. Kama haina nguvu, mwandishi huhisi uchovu. Yeye hudhani uchovu uko mwilini mwake, kumbe uko kwenye karatasi.

Mfano utasaidia. Mwandishi anaandika habari za Mwanaisha, binti anayerudi Bagamoyo kudai shamba la minazi la marehemu baba yake. Sura ya kwanza anashuka kwenye basi. Sura ya pili anapokewa na shangazi yake kwa vigelegele. Sura ya tatu watu wamekaa ukumbini, wanakunywa chai na kuhadithiana mambo ya zamani. Sura ya nne haiandikiki. Mwandishi anakaa jioni tatu mfululizo, anafuta alichoandika, na jioni ya nne haendi mezani.

Tatizo ni kwamba Mwanaisha hana wa kumzuia. Kila mtu ukumbini yuko upande wake. Sasa mwandishi arudi nyuma abadilishe jambo moja tu: shangazi huyo, anayempenda Mwanaisha kwa dhati, ndiye aliyeliuza shamba miaka miwili iliyopita ili kulipia matibabu ya marehemu, na hajamwambia. Chai ni ileile, ukumbi ni uleule. Lakini safari hii Mwanaisha anaposema, "Shangazi, kesho unipeleke nikalione shamba," shangazi anaendelea kumimina mpaka chai inafurika kwenye kisahani na kuchirizika mkekani, kwa kuwa hathubutu kuinua macho. Sura ya nne imepata pa kuanzia, na mwandishi ataamka akiwa na hamu ya kujua itakuwaje kesho.

Hadithi inapokwama, maswali haya husaidia kutafuta ugonjwa ulipo:

1. Mhusika mkuu anataka nini katika ukurasa huu, si katika maisha yake yote?
2. Ni nani au ni nini kinamzuia?
3. Akikosa anachokitaka, atapoteza nini?
4. Nani katika chumba hiki anaficha jambo?
5. Je, tukio hili linamchosha hata mwandishi mwenyewe? Kama ndivyo, msomaji atachoka mapema zaidi. Liachwe, liandikwe lile ambalo mwandishi amekuwa akilitamani.

Sababu ya pili ya kukwama ni kutaka kila sentensi ing'ae kabla ya kuandika inayofuata. Hapa inafaa kueleza neno rasimu. Rasimu ni andiko la awali ambalo mwandishi analitoa ajue mwenyewe hadithi inakwenda wapi, kama fundi anayepiga bandi kabla ya kushona. Bandi huonekana mbaya, na hufumuliwa baadaye. Mwandishi anayeisahihisha rasimu huku akiiandika hufumua nguo ambayo bado haijashonwa.

Ernest Hemingway alikuwa na desturi inayofaa hapa. Aliacha kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianze na ukurasa mtupu. Ni kama mshona kofia anayelala akiwa ameshatia uzi kwenye sindano.

Chakula cha mwandishi

Kuna ukavu mwingine usiotokana na hadithi. Mwandishi anafika mezani kwa wakati, mhusika wake ana shida ya kutosha, lakini maneno yanatoka makavu, yanafanana na ya jana. Mara nyingi mtu huyo ametoa bila kuingiza. Hasomi, hatembei, hasikilizi.

Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inawahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Nguvu ya kitabu kama hicho inatokana na mambo ambayo hayapatikani kwa kukaa chumbani: jinsi mzigo unavyokaa mgongoni, jinsi msimamizi anavyomwita mtu mzima, nini huzungumzwa wakati wa kungoja kuitwa kazini. Abdulrazak Gurnah naye alifika Uingereza kutoka Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana mdogo, akaanza kuandika ugenini kwa uchungu wa kukumbuka kwao. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987. Nobel aliipata mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, iliwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kumbukumbu ya mahali pamoja imemlisha maisha yake yote ya uandishi.

Daftari dogo la mfukoni, au sehemu ya kuandika kwenye simu, ndilo ghala la mwandishi. Kinachofaa kuwekwa humo ni vitu zaidi ya mawazo. "Niandike kuhusu umaskini" ni wazo, na halimsaidii mtu kesho asubuhi. Lakini muuza kahawa anayegonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umelishika birika, akipita kimya mbele ya nyumba moja tu mtaani, hiyo ni hadithi. Kwa nini anainyamazia nyumba ile? Mwandishi mwenye swali la namna hiyo hakosi la kuandika.

Nguvu ya "itaendelea"

Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanalijua vizuri neno lililokuwa likifunga hadithi ya mfululizo: itaendelea. Neno hilo lilimpa msomaji hamu, lakini lilimfunga mwandishi pia. Wiki ijayo nafasi yake gazetini ingekuwa inamngoja, awe na mzuka asiwe nao. Siku hizi mfululizo umehamia Facebook na WhatsApp, na mwandishi akichelewa siku mbili simu hulia: "Mwandishi, sehemu ya 12 iko wapi?" Ujumbe kama huo umemaliza hadithi nyingi.

Mtu anayesubiri anaweza kuwa wa aina nyingi. Kwa Mohammed Said Abdulla ilikuwa shindano. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958, lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ukachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi Bwana Msa akazaliwa, na vitabu vikafuatana: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na vingine hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Leo zipo tuzo kama ile ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na tuzo ya taifa ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere nchini Tanzania. Wachache watashinda. Lakini tarehe ya mwisho ya kupokea miswada humfaa kila anayeshiriki, kwa sababu aliyeshindwa naye anabaki na mswada uliokamilika.

Kwa Morrison ilikuwa kikundi. Alikuwa akikutana na waandishi wenzake katika Chuo Kikuu cha Howard, na kila aliyekuja alitakiwa kuleta kitu cha kusomwa. Siku alipoishiwa na kazi za zamani, akaandika hadithi fupi ya msichana mweusi anayetamani macho ya buluu. Hadithi hiyo ndiyo iliyokua ikawa The Bluest Eye.

Kikundi chema hakihitaji ofisi wala katiba. Watu watatu wanatosha, wakikubaliana mambo machache:

- Siku ya kukutana isibadilishwe kwa sababu mtu "hajamaliza". Alete alichonacho.
- Kila msomaji aseme kwanza ni wapi alitaka kuendelea kusoma, kisha ni wapi alichoka.
- Asiyeleta kazi mara tatu mfululizo aulizwe kwa upole kilichompata. Huenda anahitaji msaada zaidi kuliko lawama.

Karatasi za Kamĩtĩ

Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa nchini Kenya, baada ya mchezo wake wa Kigĩkũyũ ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuikera serikali. Aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ kwa karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Humo ndimo alimoamua kuandika riwaya kwa lugha ya mama yake.

Daftari hakuwa nalo. Aliandika kwenye karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu na za kukwaruza, adha kwa mwili wa mfungwa, lakini ugumu huohuo uliziwezesha kuupokea wino bila kupasuka. Kurasa zikaongezeka moja baada ya nyingine. Siku moja askari wakafanya msako wa ghafla, wakauchukua mswada. Alirudishiwa baada ya wiki kadhaa, akaendelea. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1982 kikatoka kwa Kiswahili: Shetani Msalabani.

Kisa hiki hakisimuliwi ili kumwaibisha anayelalamika kwamba hana meza nzuri. Meza nzuri inasaidia, na kila mwandishi anastahili utulivu. Kinachofaa kutazamwa ni kwamba Ngũgĩ alikuwa na jibu la swali "naandika kwa nini?" Alitaka kuwaandikia watu wa kwao kwa lugha wanayoielewa, hasa kwa kuwa ndiyo iliyomtia gerezani. Mwandishi asiye na jibu lake mwenyewe, hata likiwa dogo kama kumwandikia bibi yake asiyejua Kiingereza, hutikiswa na kila upepo. Fedha zikichelewa, anaacha. Na fedha huchelewa. Mirabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, aghalabu huja mara moja au mbili kwa mwaka, na kwa wengi haitoshi kulipa kodi ya nyumba.

Kupumzika si kuacha

Wapo wanaosoma habari za Trollope wakaogopa hata siku moja ya kupumzika. Mahfouz anawajibu. Baada ya kumaliza riwaya zake tatu za Cairo mwaka 1952, mwaka wa mapinduzi ya Misri, alikaa miaka kadhaa bila kuandika riwaya. Nchi aliyokuwa akiiandika ilikuwa imebadilika. Katika kipindi hicho aliandika miswada ya filamu, na mwaka 1959 riwaya zikarudi. Mwaka 1994, akiwa na miaka 82, alichomwa kisu shingoni na mtu mwenye siasa kali, mishipa ya mkono wake wa kuandikia ikaumia. Alijifunza upya kushika kalamu, na kwa mkono ule dhaifu akaandika vipande vifupi.

Adam Shafi naye alitoa Kuli mwaka 1979, na Vuta N'kuvute ikatoka mwaka 1999. Ni miaka 20. Wasomaji waliipokea, na mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu.

Tofauti ya kupumzika na kuacha iko katika mambo madogo. Anayepumzika anajua mswada wake uko wapi, na ameandika kwa sentensi mbili tukio litakalofuata. Anayeacha hajui.

Na mswada uwe na nakala. Chinua Achebe alipeleka London mswada wa mkono wa kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shujaa Okonkwo, ili upigwe chapa. Ilikuwa nakala pekee. Walioupokea waliutupa pembeni kwa miezi, mpaka mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akisafiri kwenda Uingereza akaenda ofisini kwao kuudai. Kitabu kikatoka mwaka 1958. Achebe mwenyewe alikiri baadaye kwamba kama ungepotea, huenda angekata tamaa kabisa. Leo nakala ni kazi ya dakika moja: kupiga picha kurasa, au kujitumia faili kwa barua pepe.

Wiki ya kurudi

Kwa mwenye daftari lililokwama, wiki moja inatosha kuanza upya:

- Siku ya kwanza: asome kurasa zote bila kalamu mkononi.
- Siku ya pili: ajibu yale maswali matano kuhusu ukurasa aliokwamia.
- Siku ya tatu: achague saa yake na kipimo chake, awaambie watu wa nyumbani.
- Siku ya nne: aandike tukio analolitamani kuliko yote, hata kama mahali pake ni mwishoni.
- Siku ya tano: atoke na daftari dogo, arudi na vitu vitatu alivyoviona au kuvisikia.
- Siku ya sita: aandike kipimo chake, aache akiwa anajua kinachofuata.
- Siku ya saba: ampe mtu mmoja kurasa mbili, wapange siku ya kupokea nyingine.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata mwaka 1968. Wachapishaji walizikuta zimeandikwa hadi mwisho.